Kofia ya Mzee Ibrahimu Kwenye Swichi

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hujalimaliza, usijali, nitakukumbusha kwa kifupi.

Mimi ndiye Valentino, yule aliyefukuzwa kiwanda cha chai kwa kukutwa amelala nyuma ya mashine. Niliteremka milimani na begi moja. Mazinde, kando ya barabara kuu, nikapata kazi ya fundi msaidizi kwenye jengo la kufungashia mboga. Siku ya nne tu wezi wakavunja chumba changu, wakabeba godoro, jiko na ndala za kuogea. Mtu anayeiba ndala za kuogea sijui ana shida gani.

Wiki jana niliungama kosa langu la kwanza. Pale kazini kulikuwa na kufuli kubwa jekundu. Kazi yake ilikuwa moja tu: fundi akipanda juu ya paa kutengeneza kiyoyozi, swichi kuu ya chini inazimwa na kufungwa kwa lile kufuli, ili mtu asije akawasha umeme huku fundi ameingiza mikono kwenye feni. Nililichukua nikaenda kufungia mlango wangu. Kesho yake nikasema limepotea.

Niliyemdanganya ni Mzee Ibrahimu, fundi mkuu. Mzee wa Lushoto, miaka sitini na kitu, mpole, kofia ya darizi haimtoki kichwani. Alinipokea bila kuuliza cheti. Alinipa godoro la kulalia. Kila ninachokijua kuhusu viyoyozi alinifundisha yeye.

Leo nawasimulia Ijumaa ambayo nilikaribia kumuua.

Kufuli lilipopotea, au tuseme nilipolipoteza, Mzee Ibrahimu hakupiga kelele. Alivua kofia yake akaitundika kwenye mpini wa swichi, mbele ya wafungashaji wote.

"Mnaiona hii? Ikiwa hapa, mimi niko juu. Ikiwa haipo, nimeshuka."

Wafungashaji wakacheka, lakini walielewa. Nani atagusa kofia ya mzee kama yule? Wiki mbili nzima ilifanya kazi vizuri kuliko kufuli. Mimi nikaanza kulala usingizi mzuri, nikijiambia kwamba kosa langu halina madhara.

Sasa, ile Ijumaa.

Saa mbili asubuhi meneja wetu, Jackline, alinishika pale mlangoni hata salamu hakumaliza.

"Valentino, feni imesimama tena."

"Tena?"

"Mara ya tatu tangu nifike. Inazunguka dakika kumi, inasimama. Inapumzika, inaanza yenyewe. Ukumbi umeshakuwa tanuri. Lori linaondoka saa tisa na hoho zimeanza kusinyaa."

Anayeijua Mazinde anajua jua la pale. Mboga zinatoka Shume na Lushoto asubuhi zikiwa na ubaridi wa mlimani, zikishushwa pale bila kiyoyozi, hadi mchana zimelala. Wakulima wenyewe walikuwa nje na magunia yao, wanatuangalia sisi mafundi.

Nilipanda paani na Mzee Ibrahimu. Kabla ya ngazi alizima swichi, akatundika kofia.

Kiyoyozi chetu ni sanduku kubwa la bati juu ya paa. Ndani yake kuna feni pana inayozunguka kwenye nondo iitwayo shafti, mota, na mkanda wa mpira unaoziunganisha kupitia gurudumu liitwalo puli. Feni inasukuma hewa baridi kwenye bomba pana la bati, bomba linashuka ukumbini. Basi, hakuna zaidi.

Mzee alifungua mlango wa sanduku. Nikasema kwa haraka, kama mjuzi, "Mota imekufa, mzee. Tuagize nyingine."

"Iliyokufa huwa inafufuka kila dakika kumi?"

Akanisogeza karibu na sanduku.

"Weka mkono hapa kwenye mota. Taratibu."

Niliweka, nikautoa upesi. Ilikuwa ya moto.

"Ndani ya mota kuna kinga," alisema. "Ikipata moto sana, kinga inakata umeme ili isiungue. Ikipoa, kinga inarudisha. Ndiyo maana nakwambia kila siku, feni ikisimama yenyewe usiisogelee mpaka umezima swichi. Itaondoka na mkono wako na haitakuomba samahani."

"Nimeelewa, mzee."

"Sasa swali. Kwa nini inapata moto?"

Aliushika mkanda, akaubonyeza kwa kidole gumba. Haukubonyea hata kidogo. Akazungusha puli kwa mkono, ikazunguka kwa shida, inakwaruza.

"Mh! Nani kaukaza mkanda namna hii?"

Ni mimi. Jumatatu mkanda ulikuwa unapiga mluzi, Jackline akanitania kwamba kiyoyozi changu kinaimba kwaya. Nilipanda peke yangu nikaukaza kwa hasira mpaka ukanyamaza. Niliona nimefanya kazi ya maana.

"Sijui, mzee," nikasema.

"Hujui?"

"Labda umejikaza wenyewe."

Aliniangalia, akatabasamu kidogo. "Mkanda haujikazi, Valentino. Mkanda unalegea. Huyu aliyeukaza amevuta shafti, shafti imeumiza beringi, beringi inaisumbua mota. Nenda Mombo kaniletee beringi na mkanda mpya. Mimi nabaki hapa nasafisha humu ndani mpaka urudi."

Angalieni nilivyopewa nafasi. Tulikuwa wawili tu juu ya paa, hakuna wa kunicheka. Ningesema "ni mimi, mzee, nisamehe," angenisamehe pale pale. Sikusema. Nilishuka ngazi mbio, nikapanda bodaboda.

Mombo nilizunguka maduka matatu kabla ya kupata beringi ya saizi ile. Niliporudi ilikuwa imeshapita saa sita mchana, adhana ya Ijumaa inasikika kutoka upande wa pili wa barabara. Wafungashaji Waislamu walikuwa wanatawadha bombani. Lori lilikuwa limerudishwa nyuma mpaka mlangoni, injini inanguruma.

Niliingia ukumbini na mfuko wa beringi mkononi. Nikatazama swichi.

Kofia haikuwepo.

Jackline alikuja na simu sikioni, jasho linamtiririka. "Mzee ameshuka?"

"Ameshuka. Kofia haipo."

"Yuko wapi sasa?"

"Si Ijumaa? Ameenda msikitini." Nilisema hivyo bila wasiwasi wowote. Mimi Mkristo, lakini nimekaa na mzee yule wiki kadhaa, najua hakosi Ijumaa hata mvua inyeshe mawe. Na mzee anaswali na kofia. Kofia haipo, na adhana imeita, nilijua ameenda. Kwangu lilikuwa jambo lililo wazi.

"Mpigie."

Nilimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Hilo nalo likanipa uhakika zaidi, maana msikitini watu huzima simu. Nikasahau kabisa kwamba mzee huzima simu pia akiwa anafanya kazi kwenye feni.

"Washa," Jackline akasema.

"Beringi bado hatujabadilisha."

"Si inazunguka dakika kumi kumi? Nipe hizo dakika kumi. Hoho zinakufa, Valentino. Wale wakulima nje nitawaambia nini?"

Nitasema ukweli, maana ndio niliowaitia. Jackline hakunilazimisha. Ningeweza kusema "ngoja nipande nitazame kwanza." Ngazi ilikuwa hatua ishirini kutoka pale nilipokuwa. Lakini akilini nilikuwa na hesabu yangu: mzee yuko msikitini, feni ikizunguka vizuri kidogo, nitapanda peke yangu, nitaulegeza mkanda, na habari ya nani aliukaza itakwisha.

Nilishika mpini wa swichi.

Hapo nikasikia kugonga. Gwa, gwa, gwa. Kulitoka juu, kwenye tundu la bomba la hewa lenye wavu wa chuma, ambalo liko juu ya swichi pale pale.

"Nini hicho?" Jackline akauliza.

"Kunguru," nikasema. "Wanatua kwenye bati."

Nikawasha.

Feni ikanguruma mara moja, kisha ikakwama. Badala ya upepo ikatoka sauti nzito ya mota inayosukuma kitu kisichosogea. Kisha kitu kikavunjika huko juu, kaa! Mpaka kwenye meno yangu niliisikia.

Nilizima. Nikajiambia sijui kilichovunjika ni nini. Au nilijua.

"Imekuwaje?" Jackline akauliza.

"Kuna kitu kimekwama."

"Kitu gani?"

Kabla sijamjibu, aliingia mama mmoja mtu mzima mlangoni, amejitanda kanga, anakanyaga kwa uangalifu kati ya makreti ya kabichi. Nilikuwa simjui. Mkononi ameshika kitu cheupe kinachodondosha maji.

"Onga mshi, wanangu," akatusalimia kwa Kishambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi naitwa Hadija, natokea Zirai. Nimekuja kumtembelea kaka yangu Ibrahimu. Walinzi wameniambia yuko kazini." Akainua kile cheupe. "Nimekuta kofia yake imetundikwa hapa kwenye chuma, chafu, ina grisi, utadhani tambara la jikoni. Kofia ya kuswalia! Siku ya Ijumaa! Nikaona aibu hii siiachi. Nimeipeleka bombani nikaifua. Yuko wapi nimpe?"

Nilikuwa naiangalia ile kofia inavyodondosha maji kwenye sakafu.

"Mwanangu, mbona umekuwa hivyo? Ibrahimu yuko wapi?"

Mfuko wa beringi ulinidondoka. Nilikimbia.

Ile ngazi ina vipago kumi na vinne. Nilivipanda nikiwa naomba dua zote nilizofundishwa na mama yangu, na nyingine nikaziunda mwenyewe. Mungu, asiwe ndani. Mungu, awe amekwenda haja. Mungu, awe msikitini bila kofia, nitakuja kila Jumapili, nitakaa benchi la mbele.

Juu ya paa, kitu cha kwanza nilichokiona ni ndala zake. Zilikuwa zimepangwa vizuri kando ya mlango wa sanduku, mlango uko wazi.

"Mzee!"

Nikaita tena.

"Mzee Ibrahimu!"

Nimeona maiti maishani mwangu, nimeshika jeneza la baba yangu mzazi, lakini hatua tatu za kufika kwenye ule mlango sikuweza. Nilikaa chini kwenye bati la moto. Nilimwona mzee akinimegea makande kwenye bakuli lake, na sikuweza kuondoa picha ile.

Kisha nikasikia mtu anakohoa.

Alikuwa nyuma ya sanduku, kwenye kivuli, ameegemea ukuta mfupi wa paa. Fulana ameivua, ameizungushia mkono wa kulia. Fulana ilikuwa nyeupe, sasa ilikuwa na damu.

"Mzee! Upo hai!"

"Nipo," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ilinitisha kuliko kama angelia.

Nilipiga magoti. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimechanika, ukucha mmoja haupo. Kando yake kulikuwa na nyundo yake, mpini umevunjika vipande viwili.

"Niliuchomeka kwenye feni," akasema, ananionyesha mpini kwa kidevu. "Niliwahi kuchomeka. Mkono nilichelewa kuutoa."

Nikaanza kulia. Silii ovyo, waulizeni walionijua kiwandani. Lakini pale nililia kwa sauti.

"Nyamaza kwanza," mzee akasema. "Nani aliwasha?"

Msomaji, nataka ujue kwamba nilikuwa nimeandaa jibu la kweli. Lilikuwa limefika mdomoni. Kisha nikaona ile damu, nikaona polisi, nikaona kile chumba changu na lile kufuli jekundu mlangoni, nikaona watu wanalinganisha mambo.

"Meneja," nikasema.

"Jackline?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Nilimkataza, hakunisikia."

Sikuombwa hata hilo la kumkataza. Niliongeza mwenyewe.

Mzee alikaza fundo la fulana kwenye mkono. Kisha akasema, "Haya," akanipa mkono wa kushoto nimwinue.

Tulishuka polepole. Chini tukamkuta Bi Hadija ameshakaa sakafuni anajipiga mapajani. "Ni mimi! Ni mimi nimemuua kaka yangu! Nani alinituma kugusa kofia!" Mzee akamwinamia, akamwambia maneno ya Kishambaa kwa sauti ya chini. Sikuyaelewa yote, wazazi wangu si wa huku, lakini yule mama alinyamaza, akachana upande wa kanga yake akamfunga vidole.

Jackline alikuwa amepauka. "Mzee, gari liko tayari. Twende zahanati."

"Zahanati ipo tu. Hoho hazingoji."

"Achana na hoho!"

"Wale watu nje wametoka Shume saa tisa usiku," mzee akasema. "Feni itafungwa kwanza. Beringi imepatikana?"

"Imepatikana," nikasema.

"Basi leo utaingia wewe. Mimi sina mkono."

"Na swichi, mzee?"

"Mimi mwenyewe nitasimama kwenye swichi. Au hunitoshi?"

Alichukua ile kofia mbichi kutoka kwa dada yake, akaikamua kwa mkono mmoja, akaivaa kichwani na maji yake. Nilisubiri aitundike. Hakuitundika.

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema nipeni nusu saa, niende nyumbani, kuna kufuli. Lakini ningelitoa wapi kufuli lililopotea? Watu wote walikuwa wananitazama, na mzee alikuwa ametulia sana. Nikapanda ngazi.

Kuingia kwenye lile sanduku lazima ulale kifudifudi. Unaingiza kichwa, bega, kisha mikono yote miwili, mpaka shingo yako inakaa karibu na mapanga ya feni na mikono inakuwa nyuma ya puli. Ukiwa pale huwezi kutoka haraka. Unatoka kwa kurudi kinyumenyume, kidogo kidogo.

Mpini wa nyundo ulishavunjika. Sikuwa na kitu kingine cha kuchomeka kwenye feni.

Nilianza kazi. Nilitoa puli, nikaipiga beringi mbovu ikatoka, nikaanza kusukuma mpya mahali pake. Jasho liliniingia machoni. Kila dakika nilisimama kusikiliza. Swichi imezimwa, nilijiambia. Mzee yupo. Mzee mpole.

Mara nikasikia mwanamke anasema kwenye sikio langu, "Nipe kamba ya gunia."

Nilishtuka mpaka nikagonga kichwa kwenye bati. Nikageuka. Hakukuwa na mtu. Niko peke yangu juu ya paa.

"Si hiyo, ile nyembamba," sauti ikasema tena.

Nikaijua. Ilikuwa sauti ya Klara, mfungashaji wa karoti, ambaye yuko chini ukumbini. Ilikuwa inapanda kwa njia ya bomba la hewa, kutoka kwenye ule wavu ulio juu ya swichi, mpaka ndani ya sanduku nililolala. Haikupotea hata herufi. Nilisikia mtu akipiga chafya. Nilisikia Bi Hadija akivuta kamasi. Nilisikia kreti likiburutwa.

Nilikuwa sijawahi kuingiza kichwa mle ndani; hata mkanda niliukaza kwa kunyoosha mkono kutoka mlangoni. Siku zote aliyekuwa anaingia ni mzee.

Nikaiacha beringi.

Nikaanza kukumbuka niliyoyasema nikiwa nimesimama chini ya ule wavu. *Ameshuka. Kofia haipo. Ameenda msikitini.* Mzee alikuwa amelala hapa hapa. Alisikia. Akaanza kugonga bati, gwa, gwa, gwa, kwa sababu lori linanguruma na sauti yake isingetufikia. Kisha akanisikia mimi, mwanafunzi wake, nikisema ni kunguru. Ndipo alipochomeka nyundo.

Na baadaye akaniuliza nani aliwasha. Hakuwa anauliza ili ajue.

Nilianza kurudi kinyumenyume. Bega likakwama kwenye ukingo wa mlango. Nilivuta, shati likashikwa na boliti. Mkono wa kulia ulikuwa bado nyuma ya puli na sikuweza kuupitisha bila kuuzungusha taratibu, na taratibu ndicho kitu nilichokuwa nimekikosa kabisa.

Dereva wa lori alizima injini. Ukumbi ukawa kimya.

"Valentino."

Ilikuwa sauti ya mzee. Hakupaza. Aliongea kama mtu anayeongea na wa pembeni yake, ila alikuwa chini ya ule wavu, na mimi nilikuwa huku.

"Naam, mzee."

"Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia, mzee."

"Na mimi nilikuwa nakusikia vizuri."

Nilitaka kusema nisamehe.

"Mkanda nilijua ni wewe tangu asubuhi," akaendelea. "Nikasema, ni kijana, ana aibu, atasema mwenyewe. Nilikuwa nakungoja useme. Kisha nikakungoja juu ya paa, damu inanitoka, useme neno moja tu. Ukamtaja yule binti."

"Mzee, naomba nitoke kwanza..."

"Kaa hapo hapo."

Mpini wa ile swichi umelegea tangu zamani. Ukiushika tu, kabla hata hujausukuma, unatoa mlio mdogo wa chuma. Kila mtu pale kazini anaujua ule mlio.

Nikausikia.

"Sasa nakuuliza tena," mzee akasema. "Ni swali lile lile la juu, ila safari hii mimi niko hapa na wewe uko huko. Nani aliwasha?"

Nilifungua mdomo. Haikutoka sauti. Naapa haikuwa ujanja, haikuwa ubishi. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote na nilichokisikia ni mkoromo tu, ambao sijui kama huko chini ulifika.

"Valentino?"

Viatu vya Jackline vikaja kwa kasi kwenye sakafu. "Mzee, mbona umeshika swichi? Tayari? Niwaambie waanze kupakia?"

Viatu vikasimama.

"Mzee Ibrahimu, Valentino bado yuko juu?"

Nilikaza macho nikasubiri aseme ndiyo. Nilisubiri, na mzee hakumjibu. Kilichofuata nitawasimulia wiki ijayo.